Joto la Lituhi Ndani ya Chungu

"Mama Jacqueline, hivi na wewe unaona ni sawa, Mkristo mzima kama Mzee Egidi kuamka asubuhi kumchemshia buibui maji?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Ottilia mwaka juzi, mwezi wa sita, tukiwa tumekaa barazani kwangu tunachambua kahawa mbivu. Nilicheka, yeye hakucheka. Akaniambia watu wa jumuiya yetu wanasema maneno, kwamba buibui yule ametoka ziwani ndani ya chungu alicholetewa mzee na binti yake, na kitu kinachotoka ziwani ndani ya chungu hakiji bure.

"Ottilia," nikamwambia, "tumetoka kusali rozari sasa hivi."

"Nimesali, ndiyo. Lakini macho sikuyafumba yote mawili."

Jibu lake ninalo sasa, ila ni refu kidogo, maana linaanzia kwa mzee mwenyewe.

Egidi alizaliwa hapa hapa Ukata, huku milimani, akasoma hapa, na kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi katika shamba moja la majaribio ya kahawa. Kazi yake haikuwa kupalilia wala kuchuma. Alikuwa msoma vipimo. Kila siku ya Mungu, saa tatu kamili asubuhi, alisoma mvua iliyonyesha na joto la hewa, akaandika kwenye daftari kubwa. Siku aliyofunga ndoa na Margareta, misa ilikuwa saa nne. Saa tatu watu walimwona bwana harusi amevaa suti ya kuazima na buti za mpira, ameinama juu ya kopo la mvua. Margareta alipenda sana kusimulia hilo. "Mimi," alikuwa anasema, "nilikuja wa pili. Milimita zilinitangulia."

Daftari lile lilikuwa na safu nne: tarehe, saa, kipimo, na jina la aliyesoma. Hiyo safu ya nne ndiyo aliyoilinda kuliko zote. Alikuwa akiwafundisha vijana wa kazini: "Kipimo kisicho na jina la msomaji ni uvumi." Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Akawashukuru, akawaomba wairudishe dukani, wampe badala yake vipimajoto viwili vya zamani vilivyokuwa stoo. Wakampa.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu aliyekua, Edina. Mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Nilimshika kichwa wakati padre anammwagia maji. Edina alikwenda Lituhi, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, kufundisha shule ya awali, na huko akampata Hamphrey, fundi wa kutengeneza mitumbwi, kijana wa watu, mpole, Mwanglikana. Wakafunga ndoa kanisani kwao Hamphrey. Egidi hakwenda. Hakugomba, hakulaani. Alifuta namba ya binti yake kwenye simu, na kuanzia siku ile ukimwita Baba Edina, kama tulivyomwita miaka yote, haitiki. Tukajifunza kumwita Mzee Egidi. Miaka minane.

Margareta alipofariki, walikuja wote wawili. Hapa kwetu, siku ya maziko mkwe hashikwi mkono kuonyeshwa kazi, anaiendea mwenyewe. Udongo ulipoanza kurudishwa, Hamphrey alivua koti, akachukua chepe. Egidi aliinuka kwenye kiti chake, akatembea mbele ya waombolezaji wote, akamnyang'anya chepe mkononi. Akalibeba lile chepe, akarudi nalo, akaketi nalo magotini mpaka mwisho. Hamphrey alibaki amesimama kando ya kaburi, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Nilimtazama Edina nikashindwa kuendelea kumtazama. Waliondoka bila kula.

Mwaka ukapita. Kwenye misa ya mwaka ya mama yake, Edina hakuja. Alituma chungu kikubwa cha kupikia, kimefungwa ndani ya gunia la pumba za mpunga, kikashushwa na kondakta wa gari la Lituhi. Egidi alikipokea kwa sababu kondakta alikuwa na haraka. Akakitupa chini ya upenu, hata gunia hakufungua vizuri. Tulipika kwenye masufuria.

Baada ya wiki moja alitaka gunia kwa ajili ya kahawa yake. Akakiinamisha chungu. Na humo ndani, kwenye pumba, alikuwepo buibui. Si hawa wa darini. Mkubwa kama kiganja cha mtoto, kahawia, mwili mzima manyoya. Ottilia, aliyekuwa anapita na ndoo ya maji, alipiga kelele mpaka akamwaga nusu. Egidi alinyanyua jembe. Lakini kulikuwa na ukungu asubuhi ile, ile baridi yetu ya kuingia kwenye meno, na yule buibui aliyemwagwa chini hakukimbia. Alikunja miguu yake yote chini ya tumbo akatulia.

Egidi akashusha jembe. Akaniambia baadaye, "Nilimwona anaona baridi. Siwezi kumpiga mtu anayeona baridi."

Hakumpa jina. Alimwita mgeni.

Basi, hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa ziwani asingelifanya kamwe. Sisi watu wa milimani tunajua jambo moja juu ya ardhi: ikikauka, umeshindwa. Mche wa kahawa unautaka udongo mbichi na kivuli, na mahindi yetu kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba mteremkoni, yanakunywa maji yaliyotunzwa humo. Kwa hiyo Egidi alimwandalia mgeni wake kitalu. Akakijaza kile chungu udongo mweusi wa chini ya migomba, akaunyunyizia maji asubuhi na jioni, akakifunika kwa majani, akakiweka kivulini. Akamtegea panzi.

Mgeni hakula. Alipanda juu ya ukingo wa chungu akang'ang'ania pale, miguu haitaki kugusa chini. Siku tatu, siku nne. Egidi akasogeza chungu jikoni karibu na moto. Moshi ukamfukuza mgeni upande wa pili. Siku ya tisa mzee alikuja kwangu, kofia mkononi.

Siku hiyo binti yangu Jacqueline, anayefundisha sekondari Songea, alikuwa amekuja likizo. Baada ya shikamoo alimsikiliza mzee mpaka mwisho, akatoa simu yake, akatafuta, akamwonyesha picha.

"Babu, wenzetu wa ng'ambo wanawafuga hawa ndani ya masanduku ya kioo. Wanawaita tarantula."

"Wanawafugia nini?"

"Kuwaangalia tu, babu."

"Haya. Na wanawanyunyizia maji mara ngapi?"

"Inategemea. Wanasema kwanza uulize kwao kukoje. Kama kwao ni kukavu, mpe pakavu. Kama kwao ni joto, mpe joto lile lile, mchana kama mchana wa kwao na usiku kama usiku wa kwao. Ukimpa hali ya kwako atakufa."

Egidi aliigeuza kofia yake mara mbili. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Jacqueline, naomba unipigie simu Lituhi."

"Kwa nani?"

"Mtu yeyote."

"Lituhi ina watu wengi, Mzee Egidi."

"Mtu yeyote anayejua kile chungu kilikuwa kimekaa wapi kabla ya kupanda gari."

"Na simu yako je?"

"Yangu ni ya kupokea tu."

Jacqueline aliingia ndani haraka. Nikamsikia anacheka kwenye mto. Mimi nilipiga. Edina alipokea kwa, "Shikamoo mama, kuna msiba?" maana simu zangu kwake zilikuwa za aina hiyo. Nikamwambia hakuna msiba, kuna buibui, ametoka kwenye chungu chake, amewekwa kwenye udongo wa migomba na hali. Egidi alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwangu, uso ameupeleka kwenye mibuni, sikio amelileta kwenye simu.

Edina alieleza. Chungu kilikaa nyuma ya nyumba, upande jua linapozama, chini ya kichanja cha kuanikia muhogo, juu ya mchanga. Mchanga ule juu unaunguza miguu mchana. Ukichimba kiganja kimoja chini unakuta ubaridi na umande kidogo. Hao wadudu wanachimba hapo, wengi, hawana neno na mtu. Halafu akauliza, sauti imeshuka, "Mama, anayeuliza ni nani?"

Nikamtazama mzee. Akatikisa kichwa.

"Ni mtu yeyote," nikasema.

"Mwambie mtu yeyote," Edina akajibu, "aumwage huo udongo wa migomba leo leo."

Kesho yake Egidi alikuja na ndoo ya maharage, ya lita ishirini, imejaa mpaka juu. Katikati ya maharage alikuwa amezika kimoja kati ya vile vipimajoto viwili, amekivika soksi. Akaniomba niipeleke kwenye gari la Lituhi kwa jina langu. Huko kisomwe saa moja asubuhi na saa nane mchana, pale pale chini ya kichanja, nyuzi ziandikwe kwa ujumbe kwenye simu yangu.

"Na maharage?" nikauliza.

"Ya kuzuia kisivunjike."

"Ndoo nzima, mzee?"

"Barabara mbaya."

Siku tatu baadaye gari lilileta kiroba cha mchanga wa ziwani. Juu ya mchanga kulikuwa na furushi la usipa mkavu, wale dagaa wa Nyasa, wamefungwa vizuri kwenye kanga. Ujumbe wa Edina ulisema usipa ni wa kuzuia mchanga usimwagike.

Egidi aliusoma ujumbe ule mara mbili. Kisha akala ugali kwa usipa. Nilimwona kwa macho yangu.

Hivyo ndivyo vipimo vilivyoanza. Saa moja na nusu nilikuwa navuka ua na simu yangu, na yeye ananisubiri na daftari la shule alilolipiga mistari. Safu nne, kama kazini. Asubuhi ya kwanza nikasoma: "Lituhi, nyuzi ishirini." Akaandika tarehe, akaandika saa, akaandika ishirini. Kalamu ikafika safu ya nne ikasimama.

Nilisubiri. Kuku walipita. Nilijua kanuni yake, naye alijua kwamba ninaijua.

Akaandika: *Edina*.

Miaka minane jina hilo halikutoka kinywani mwake wala mkononi mwake. Sasa alilazimika kuliandika mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, kwa mwandiko ule wake wa serikali.

Huku kwetu asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kipimajoto chake cha pili kilisoma nyuzi tisa, nane. Kazi yake ikawa kuziba ile tofauti. Aliweka chungu ndani ya sanduku la mbao, akalijaza maganda makavu ya kahawa pande zote. Alichemsha maji, akayatia kwenye chupa, akaivika chupa soksi ile nyingine, akaizika kando ya chungu. Maji yakipoa, anachemsha mengine. Mchana anatoa sanduku juani na kulifuatisha na jua, kama tunavyofuatisha mikeka ya kahawa. Lituhi wakisoma ishirini na nane, hatulii mpaka chungu chake kisome ishirini na nane. Mgeni alishuka ukingoni. Akachimba. Akala panzi, akala na mende aliyeletwa na Ottilia, ambaye alikuwa amekuja kuhakikisha uchawi akaishia kusema, "Kumbe ana shibe huyu!"

Maswali ya mzee nayo yakaongezeka. Kwanza yalikuwa ya joto. Kisha, "Waulize na upepo." Kisha, "Waulize kama hapo kwenye kichanja msomaji anainama sana, maana mgongo." Edina alijibu kila swali kana kwamba linatoka kwa mtu yeyote. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo. Egidi alikuwa na miaka sabini na mbili, kifua chake hakikuwa kizuri, na nilijua kwamba mdudu akifa, daftari linafungwa, na binti yangu wa ubatizo hatasikika tena katika nyumba ile mpaka siku ya kumzika baba yake.

Katikati ya mwezi wa saba ujumbe ulikuja tofauti. *Saa 1, nyuzi 19 na nusu. Edina yuko zahanati na homa, si mbaya. Nimesoma mimi, Hamphrey.*

Niliusoma kimya kwanza. Ningeweza kusema "kumi na tisa na nusu" nikanyamaza. Shetani aliniambia hivyo. Lakini mzee tayari alikuwa ananitazama.

"Nusu?" akasema. "Edina hasomi nusu. Nani amesoma?"

"Edina ana homa kidogo. Amesoma mume wake."

Akaweka kalamu chini. Akaenda akaangalia chungu, akarudi. Akaketi. Nikafikiri ataacha mstari wazi, na mstari wazi kwa mtu yule ni kama kufukuza. Akachukua kalamu.

"Homa ya nini?"

"Malaria, wameshampa dawa."

"Huyu," akasema, akigonga karatasi kwa kidole, "anasoma mpaka nusu. Vijana wa kazini niliwapigia kelele miaka kumi wasome nusu, hawakusoma." Akaandika: *Hamphrey*. Akalitazama jina lile muda mrefu. Akapuliza wino ukauke, ingawa kalamu ilikuwa ya biki.

Hamphrey alisoma siku sita. Edina alipopona waliendelea kupokezana, asubuhi mmoja, mchana mwingine.

Mwisho wa mwezi ule mgeni akaziba shimo. Asubuhi tulikuta mlango wa tundu umefungwa kwa utando mweupe na mchanga, kama mtu aliyepiga lipu. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Panzi walikuwa wanaruka juu yake hatoki. Wiki ya tatu Egidi hakuweza kuvumilia. Nilimkuta ameshika mwiko, amekwisha kuinama.

"Nachimba nimwone. Kama amekufa nijue amekufa."

"Ngoja niwaulize."

Jibu lilitoka kwa Hamphrey. Nikasoma kwa sauti: *Shikamoo mzee. Kipindi hiki huwa wanaziba. Anabadilisha ngozi humo ndani, ni laini sana, ukimgusa unamvunja. Naomba usimchimbe. Weka joto tu, na subiri.*

Hapo hapakuwa tena na yule "mtu yeyote". Alikuwa ameandikiwa yeye, na kijana aliyenyang'anywa chepe. Egidi alisimama na ule mwiko mkononi. Tangu nimfahamu sijapata kumwona akiambiwa "naomba usi-" na mtu mdogo kwake akakubali. Akaupeleka mwiko jikoni. Akarudi na chupa ya maji ya moto.

Alisubiri wiki sita. Kila asubuhi maji, kila mchana jua, na hajui kama anampasha joto mzima au maiti. Ottilia akaacha kumsema. Akaanza kumletea kuni. Siku moja Egidi akaniambia, bila mimi kuuliza, "Margareta alinisubiri mimi hivi hivi. Aliniwekea joto akijua iko siku nitamfungulia mtoto mlango. Nikachelewa."

Nilimwachia Bwana.

Mwezi wa tisa, Jumapili, tumetoka misa ya kwanza, nikasikia naitwa kutoka uani kwake kama kuna moto. Nilikimbia na kitenge changu cha kanisani. Mlango wa mchanga ulikuwa wazi. Mgeni amekaa nje ya tundu kwenye jua, rangi mpya, manyoya yanang'aa, na pembeni yake gamba lake la zamani, lina miguu yote minane, kama koti lililovuliwa.

Egidi alikuwa anafuta miwani kwa shati. "Soma kipimo," akaniambia, "macho yangu yana kitu." Nikasoma: ishirini na tano. Akaandika. Kwenye safu ya nne akaliandika jina langu.

Kisha akanyoosha mkono. "Piga Lituhi, halafu nipe mimi."

Nikapiga, nikampa. Alikishika kile kisimu kwa mikono miwili, kama anavyoshika kipimajoto, usawa wa macho. Ilibidi nimsogezee sikioni. Nilimsikia Hamphrey akisema, "Shikamoo mama." Kisha, "Mama? Halo?"

"Marahaba," mzee akasema. "Hapa si mama. Hapa ni Baba Edina."

Upande ule zilisikika sauti za watoto mbali. Alichoomba nakiandika kama alivyokisema, maana nilikuwa nimesimama pale.

"Mgeni wenu ni mzima. Kaburi la mama yenu bado halijajengewa, nalitakia mchanga wa huko. Naomba mje nao, wewe na Edina, mlale hapa. Lile chepe ninalo, nimeliweka. Naomba uje ulishike wewe."